Mkono wa birika ana hoja yake

Kampala, ukikaa kimya kwenye kikao cha harusi wenzako wanapotaja ahadi zao za mchango, jina unalipata papo hapo: bahili, mkono wa birika. Ni yule mwenye kazi nzuri na kiwanja Mukono, lakini anakata kwa miguu kutoka Kisenyi hadi Wandegeya kukwepa nauli ya bodaboda. Mimi simshangai.

Muulize kwanza amelelewa na nani. Wazazi waliokuwa na akiba Mei 1987 wanakumbuka noti zilipobadilishwa: shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, na juu yake serikali ikakata asilimia 30. Sifuri mbili hazikumuumiza mtu, maana bei nazo zilipunguzwa hivyo hivyo. Kilichouma ni hiyo 30. Mwenye milioni moja alistahili elfu kumi, akaondoka na elfu saba. Hakunywa, hakucheza kamari. Kosa lake ni kuweka. Mwaka 1999 ikawa zamu ya wenye akaunti Benki ya Greenland na Benki ya Ushirika, zilipofungwa.

Ndiyo maana bahili wetu haweki noti, ananunua matofali. Pita Wakiso uyaone marundo yameota majani, mabati yamefunikwa turubai. Matofali ya kuchoma hayakatwi ile kodi ya asilimia 0.5 tunayokatwa tukitoa pesa kwenye simu. Na hakuna shemeji anayekuja usiku kukopa tofali. (Wezi wa mchana ni habari nyingine.)

Wanaomlaumu nao wana lao. Mabugo, mchango wa msiba, ndiyo bima ya wengi wetu, na bima haiendi kama wengine wanapokea tu. Tena kuna anayefungia sukari kabatini na kungoja mtoto arudishwe nyumbani ndipo alipe karo, ilhali pesa anazo. Huyo simtetei, mtoto hakuwapo 1987.

Lakini tumechanganya msiba na keki. Kikao cha harusi kinadai hema, mapambo na magari ya kukodi, kisha asiyechangia anasemwa kana kwamba amegoma kuzika. Akishatoa mabugo na karo, mengine ni hiari yake. Mwenyekiti apitishe daftari la ahadi kwa jirani, bahili wetu amalizie soda yake.