Utando wa katikati msiuruke

Kwenye makala yenu mmeandika kwamba sola za oganiki, yaani zinazonasa mwanga kwa plastiki badala ya silikoni, zimevuka asilimia 19 ya kugeuza mwanga kuwa umeme maabara. Hongereni, lakini utando ulio kati ya plastiki inayonasa mwanga na elektrodi (sehemu inayokusanya umeme) mmeupitia juu juu, na hapo ndipo penye kazi! Unene wake ni nanomita chache hadi makumi kadhaa tu, ila ndio unaoamua chaji ipi, chanya au hasi, ipite na ipi izuiwe. PEDOT:PSS, plastiki inayopitisha umeme iliyozoeleka sana kwa utando huo, ina asidi na inavuta unyevu, kisha inaila elektrodi polepole. Sasa ilete huku kwetu Raskazone, Tanga, ambako hata nati za fremu juu ya bati zinaliwa na chumvi ya bahari. Tuandikieni basi: hiyo ya asilimia 19 ilipakwa utando gani, na kwenye unyevu ilidumu muda gani?