Sikutupwa Iten, Nilihamia

Wikendi iliyopita binamu yangu alipanda kutoka Nairobi hadi hapa Iten, mji mdogo wa wakimbiaji nyanda za juu za Kenya. Akasimama ukingoni mwa bonde la Kerio, akapiga picha kama arobaini, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeenda kumwona mgonjwa: "Lakini kaka, ulimkosea nani wakakutupa huku?"

Nilimmiminia mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, nikanyamaza. Tumbo lake lilimjibu usiku.

Sasa najibu mwenyewe. Nairobi nilikaa Kahawa West, kazi ikawa Industrial Area. Nilitoka gizani nikarudi gizani, na Jumapili mwanangu alinitazama kama wakala wa bima. Hapa ofisini ni mwendo wa dakika 12 kwa miguu, na tatu kati ya hizo ni za kusimama kando kupisha wakimbiaji. Wanapita kundi zima, hakuna anayeongea, unasikia viatu tu, halafu vumbi jekundu linakuachia alama hadi magotini. Mvua ya Aprili ikianza, vumbi hilo linageuka tope la kung'ang'ania soli, unatembea kama uliyefungwa matofali miguuni. Nalalamika, ndiyo. Lakini saa kumi na moja jioni nimeshafika, na mtoto namshikia baiskeli jua likiwa bado juu. Binamu, wako ulimshikia lini?

Eti "huku hakuna kitu." Brother Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha shule ya St Patrick's hapa Iten, akabaki, akamnoa David Rudisha hadi rekodi ya dunia ya mita 800. Naye alimkosea nani?

Haya, nikubali machache, shingo upande. Ugonjwa mkubwa ni safari ya Eldoret, kilomita 30 na ushei, na uombe usiku huo gari lipatikane. Mshahara nao ni wa huku huku. Na ukinunua kuku wawili badala ya mmoja, kabla hujafika nyumbani mtaa mzima unajua una wageni. Baridi ya mwinuko wa mita 2,400 sitaisema, niliambiwa nilete sweta nikaleta kiburi.

Chakula ndicho hakina mjadala. Viazi na kabichi vinatoka shamba la jirani, maembe yanapanda kutoka bondeni, zaidi ya mita 1,000 chini yetu, ambako watu wanatokwa jasho huku sisi tumejifunika shuka. Na kodi ninayolipa kwa nyumba ya vyumba viwili na kiwanja cha sukuma haingenipatia hata bedsita Roysambu, Nairobi.

Ndiyo maana zile picha arobaini zinanikera. Amezibandika mtandaoni zote, na maneno juu yake: "Paradiso ya bei rahisi." Bei rahisi kwa nani? Wakimbiaji wa ng'ambo wanakuja kuzoea hewa nyembamba, wanalipa miezi mitatu mkupuo bila kuuliza, na nyumba zinazotazama bonde zimeanza kuwa na bei ya kutazamwa tu. Juzi mwenye nyumba alinipitia, akasifu sukuma zangu kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akauliza kama nina mpango wa kuhama Desemba, maana kuna mzungu ameipenda.

Nimemwambia amweleze huyo mzungu kwamba paa linavuja. Linavuja kweli, namdai ukarabati tangu mwaka jana.