Mahindi ya manjano: salfa au urea tena?

Hapa Bweyale, wilayani Kiryandongo, Uganda, mahindi yakianza kuwa manjano kila jirani ana ushauri ule ule: ongeza urea, mbolea ya naitrojeni. Mara nyingi hakosei. Lakini kwanza inama utazame ni majani yapi. Naitrojeni ikipungua, mmea huinyonya kutoka majani ya chini na kuipeleka juu, hivyo majani mazee ndiyo hutangulia kuwa manjano. Salfa, kirutubisho kingine cha mmea, haihamishiki kirahisi namna hiyo. Ikikosekana, majani machanga ya juu ndiyo hupauka, mara nyingi kwa michirizi. Hapo urea peke yake haisaidii, maana bila salfa mmea hushindwa kuigeuza naitrojeni yote kuwa protini.

Wanaoipigia debe salfa wana hoja. Mbolea ya DAP tunayopandia na urea tunayokuzia hazina salfa. Iliyomo shambani imo hasa kwenye mboji, na sisi mabua tunayachoma kila msimu. Kwenye udongo wa kichanga mvua husomba hata hiyo kidogo iliyobaki.

Wanaoipinga nao hawabahatishi. Azimio la Abuja la 2006, la nchi za Afrika kuhusu mbolea, lililenga kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na Uganda bado iko mbali sana na hapo. Kumhubiria salfa mtu ambaye hajawahi kununua mfuko mmoja wa urea ni kumfunga tai asiye na shati. Tena salfeti ya amonia, mbolea yenye salfa na naitrojeni, huongeza tindikali ya udongo kuliko urea, na mashamba mengi tayari ni machachu. Jasi, yenye salfa pia, haina kasoro hiyo, ila haina naitrojeni. Unga wa njano wa salfa tupu ndio siupendi kabisa kwa mahindi: lazima vijidudu vya udongo viubadilishe kwanza, na msimu haungoji.

Tupige hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa salfeti ya amonia una kilo 10.5 za naitrojeni na 12 za salfa. Wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo anayeinunua salfeti kama naitrojeni anabeba mzigo maradufu. Ila tani ya punje huondoka na takriban kilo moja tu ya salfa. Nusu mfuko wa salfeti kwa ekari, ukipunguza urea kidogo, unatosha.

Anayesita aiweke salfeti kwenye mistari michache, mingine aipe urea zaidi kidogo ili naitrojeni ilingane, kisha apime debe kwa debe siku ya kupukuchua.