Kifurushi cha familia, watoto mwisho miaka 12

Juzi nimetumiwa tangazo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Bwawa la kuogelea, mnazi mmoja, mama anacheka na glasi ya juisi, na maandishi ya njano makubwa: KIFURUSHI CHA FAMILIA, SIKUKUU HII. Nikasoma kwa matumaini mpaka chini kabisa, kwenye zile herufi za sisimizi. Wazazi wawili na watoto wawili. Watoto mwisho miaka 12.

Nikapiga simu. Dada wa mapokezi mpole kweli. Nikamwambia nina watoto wawili, mmoja ana 18, mwingine 17. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao si watoto, kaka. Hapo mko watu wazima wanne." Vyumba viwili, kila kichwa bei kamili. Nikamuuliza, haya, hao watu wazima wangu wawili watafanya nini huko siku tatu? Akanitajia: kuna bembea, kuna jumba la kurukaruka, kuna kuchorwa uso, simba au kipepeo.

Kijana wangu ana ndevu. Nikamwona amekaa kwenye kiti cha plastiki, magoti yamefika kidevuni, anachorwa kipepeo.

Tangu siku hiyo nahesabu tu. Treni ya SGR, nauli ya mtoto mwisho miaka 12. Geti la hifadhi ya taifa, mtoto mwisho 15. Akitimiza 16 analipa sawa na babu yake. Basi la mkoani ndiyo usiseme, akishakalia kiti konda hana habari na cheti cha kuzaliwa. Kila aliyekaa nyuma ya dirisha la tiketi nchi hii anajua kwamba wanangu ni watu wazima. Asiyejua ni baba yao, ambaye miaka yote alikuwa akiwatangazia, "Jiandaeni, Jumamosi tunatoka," bila kusema wapi, bila kusema kwa shilingi ngapi, halafu akifika huko anashangaa kwa nini wamenuna.

Mwaka juzi nilifanya hivyo hivyo. Hoteli ya ufukweni, siitaji jina, usiku mbili tu, milioni moja na laki mbili ikaondoka. Hela ya mchezo wa kikoba, mnisikie vizuri. Wanangu walikaa chini ya mwavuli na simu zao kama watu wanaosubiri basi lililoharibika. Sahani ya chipsi na kipande cha kuku ilikuwa elfu kumi na nane. Nilipomuuliza binti kama anafurahia, alinijibu, "Ni pazuri, baba." Kwa sauti ile ile anayoitikia akiambiwa kuna maharage. Nikapandwa na hasira, nikatoa ile hotuba ambayo kila baba anayo kichwani, ya sisi enzi zetu tulikuwa hatujui hata bwawa. Mama yao akaniambia nishushe sauti, watu wanaangalia.

Najua kuna watakaosema, kwani shida iko wapi, wapeleke kijijini, ni bure. Kwanza si bure. Wanaokwenda Moshi kila Desemba wanajua nauli zinavyopanda wiki ile, na hakuna anayefika kwa bibi mikono mitupu. Pili, kijana wa Form Four akifika kijijini yeye si mgeni, ni nguvu kazi. Asubuhi majani ya ng'ombe, mchana kuchota maji, jioni anakalishwa mbele ya baba wakubwa watatu wanaomuuliza anatarajia division ngapi. Kijijini twende, bibi anataka kuwaona na wao wanampenda. Ila tusiite likizo. Ile ni ziara ya kikazi.

Sasa nieleze tulichofanya mwaka jana, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Binti alikuwa amemaliza mtihani wa Form Four mwezi wa kumi na moja, yupo nyumbani anazunguka kama feni. Jioni moja, baada ya kula, nikafanya kitu ambacho baba yangu asingekifanya hata kwa kushikiwa panga. Nikawaambia nina shilingi ngapi. Nikasema: "Ya kutembea mwaka huu ipo laki tisa. Hakuna nyingine. Mkitaka twende mahali, pangeni ninyi."

Kimya. Mama yao alinitazama kana kwamba nimevua shati mezani.

Sisi hatuambii watoto habari za hela. Tumelelewa hivyo. Mtoto akiomba unamjibu "tutaona", na "tutaona" maana yake hapana, lakini anatakiwa agundue mwenyewe kwa miaka kumi. Tunaogopa wakijua tunacho watataka chote, na wakijua hatuna watatudharau. Kwa mtoto wa miaka saba naelewa. Lakini huyu wa 17 anajua bei ya bando, anajua bei ya kiatu cha mtumba Karume na anajua kupunguziwa, anajua bodaboda kutoka kituoni mpaka nyumbani ni kiasi gani mchana na kiasi gani usiku. Anaishi kwenye hesabu kila siku. Kitu pekee asichokijua ni mfuko wa baba yake, basi anauwazia. Anaona umelipa milioni na laki mbili kwa bembea, kesho yake unamwambia hela ya kiatu cha shule hakuna. Unadhani anafikiri nini? Kule kununa pale chini ya mwavuli nimekuja kukuelewa kwa kuchelewa sana. Binti aliniambia baadaye, tena bila ubaya: "Mimi nilikuwa napiga hesabu ile hela ingelipa tuition ya muhula mzima."

Basi siku tatu wakawa hawashikiki. Zanzibar ikaanguka jioni ya kwanza: boti kwenda na kurudi kwa watu wote, kisha malazi ya msimu wa sikukuu, ikafa yenyewe. Kijana alitaka Mafia akaone papa potwe, akakuta hela inaishia baharini kabla hata hajamwona samaki. Lushoto ilibaki muda mrefu kwenye daftari, na bado naiheshimu. Ukipanda zile kona kutoka Mombo mwili unapoa wenyewe. Bagamoyo waliikataa kwa sababu kila shule iliwahi kuwapeleka Kaole.

Wakaja na Udzungwa.

Nilidhani wanatania. Hifadhi ya taifa, kwa laki tisa? Binti akanifungulia daftari kama mhasibu. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, na siyo nyingi. Kinachomaliza watu kwenye hifadhi ni gari la kukodi, na Udzungwa haina barabara ndani, watu wote wanatembea kwa miguu. Hilo nililijua? Sikulijua, na nina miaka 48 katika nchi hii. Kisha akaniambia wameamua kumchukua na mtoto wa dada yangu, rika lao, "kwa sababu tukiwa wawili tutagombana, tukiwa watatu tutawasahau ninyi." Na ili hela itoshe, gesti tungechukua vyumba viwili badala ya vitatu: yeye na mama yake kimoja, mimi na vijana kingine.

Ndiyo, msomaji. Nilitenganishwa na mke wangu wa ndoa kwa ajili ya kubana matumizi. Nikiwa nimekubali mwenyewe.

Alhamisi asubuhi tulipanda SGR, elfu kumi na tatu kila mmoja mpaka Morogoro, watu wazima watano. Kituo cha Morogoro kiko Kihonda, kwa hiyo tukachukua bajaji mbili kwenda Msamvu, na kijana ndiye aliyepatana bei. Mimi nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni, mpwa wangu akanishika bega: "Mjomba, tulia." Msamvu tukapata basi la Ifakara. Na hapo ndipo nilipopata somo la kutolipia tena gari la kukodi. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kama kilomita hamsini hivi, na basi lazima liende polepole. Tuliona twiga, tukaona swala makundi kwa makundi, na tembo watatu karibu na lami, wote kwa nauli ya basi. Abiria mmoja nyuma yetu alikuwa amelala fofofo na mdomo wazi.

Tukashuka Mang'ula, penye geti la Udzungwa, jioni, baada ya mashamba ya miwa ya Kilombero yasiyoisha, milima imesimama juu ya kijiji kama ukuta.

Siku ya pili ndiyo ya Sanje. Maporomoko yale yana urefu wa mita 170, yanashuka kwa hatua tatu, na njia ya kuyazunguka ni kupanda kweli kweli. Nakiri, Desemba si mwezi wa kupanda Udzungwa ukiwa na akili timamu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia inateleza, na kiatu changu kilikuwa cha kanisani. Vijana walitangulia na mwongoza wageni, nikawa nawasikia wakicheka huko juu. Kule kucheka kwa fujo, ambako sikuwa nimekusikia tangu wakiwa darasa la nne. Nilipofika kwenye dimbwi wao walishaingia majini na nguo zao, wanapiga kelele kwa baridi. Simu zilikuwa kwenye begi. Hakuna aliyewaambia waziweke.

Mwongozaji alitusimulia habari za kima wa Sanje. Wanasayansi walimjua mwaka 1979 tu, lakini watu wa hapo walikuwa na jina lake siku zote, ng'olaga. Binti akaniangalia kwa jicho la pembeni, akasema, "Yaani alikuwepo hapo hapo, ila hakuna aliyeuliza." Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Mambo yote yalikwenda sawa? Hapana. Kwenye daftari lao walisahau kwamba Sanje si Mang'ula, ni usafiri mwingine kwenda na kurudi, na posho ya mwongozaji waliiandika nusu. Ijumaa usiku binti alihesabu hela kitandani mara tatu, akawa mwekundu machoni. Mimi nilikuwa na laki moja ya dharura kwenye soksi. Nikafungua mdomo, mama yao akanikanyaga mguu. Basi jioni ile tulikula mkate, ndizi mbivu na karanga za kukaanga, watu watano kwenye kibaraza cha gesti, na wale watatu wakaanza kugawana lawama, nani alisema nini kuhusu bajaji, mpaka wakaishia kucheka. Jumamosi walilala mpaka saa nne na hakuna aliyegonga mlango. Nami niliwaacha, maana na mimi nilikuwa nimekesha nikitupiwa mto na mpwa wangu. Anadai nakoroma.

Sisemi kila mtu awape watoto wake hela. Kuna mtoto ukimpa laki tisa usiku, asubuhi anakuonyesha simu mpya. Unamjua wa kwako. Na laki tisa yenyewe si hela ya kuokota. Wapo majirani zangu ambao hiyo ni mishahara ya miezi minne, na ningeandika haya kana kwamba ni sadaka ningekuwa mtu wa hovyo. Ila hata kama ni elfu hamsini ya kwenda Kigamboni na kurudi kwa pantoni, na mihogo ya kuchoma, waambie ni elfu hamsini. Utashangaa wanavyoweza kuinyoosha. Kijana wangu alimkatalia mama yake soda Msamvu. Soda! Akasema haikuwa kwenye bajeti.

Tulirudi Jumapili na shilingi elfu kumi na moja na mia nne. Binti alinikabidhi mpaka sarafu, kwenye bahasha, na daftari.

Sasa ni Desemba tena. Yeye yuko likizo ya Form Five, mdogo wake amemaliza Form Four, na jana usiku niliwakuta sebuleni na lile daftari, ukurasa mpya, juu wameandika mwaka tu na kuacha nafasi ya kiasi. Kijana akaniuliza, bila hata kuinua kichwa, "Baba, safari hii tuna bei gani?"

Ni laki nne na nusu. Mwaka umekuwa mgumu, na ada ya Form Five imekula kila kitu. Nilisimama pale na glasi ya maji mkononi, lile neno "tutaona" limeshafika kwenye ulimi. Nikavuta kiti.