Kiti cha Bryant Park na baraza ya ami

Ami yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Juzi aliniuliza washairi wa huku Marekani hughani wapi. Nikamwambia bustanini, jioni, watu wamekaa kwenye viti vya chuma, na hakuna kiingilio. Akanyamaza kidogo. "Na mgeni rasmi huwa nani?" Hakuna, ami. "Hakuna kabisa?"

Bustani yenyewe ni Bryant Park, nyuma ya maktaba kuu ya New York. Tangu 1884 ina jina la mshairi, William Cullen Bryant, na sanamu yake iko pale, ameketi. Upande wa Barabara ya 42 kuna pembe wanayoiita chumba cha kusomea, ingawa haina kuta wala paa. Ilianzishwa 1935, uchumi ukiwa umeporomoka, ili aliyekosa kazi apate kusoma bila kuulizwa pesa, anwani wala kadi. Ikafungwa 1944 wakati wa vita, ikafufuliwa 2003. Hapo ndipo mashairi husomwa majira ya joto.

Siku niliyokwenda ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni na jua bado linachoma. Mshairi alisoma kutoka kwenye karatasi kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mimi nikangoja kina kama mtu anayengoja matatu mahali pasipo kituo. Gari la zimamoto likapita likipiga king'ora. Akakatiza mstari, akanywa maji, akaendelea palepale. Mzee mmoja mwenye mifuko mitatu ya nguo, dhahiri hana pa kulala, akaburuta kiti hadi karibu na spika, akavua viatu, akasikiliza. Hakuna aliyemwambia aondoke.

Kwa ushairi wenyewe nyumbani tuko mbele, nasema bila haya. Ami akianza kughani, mizani zake nane kwa nane, ubeti wa pili tu watu wameshashika kibwagizo na kumwitikia. Pale New York walipiga makofi ya adabu, basi.

Lakini wivu nilionao ni wa kile kiti. Hakijafungwa mnyororo, unakihamisha utakako, unakaa. Kwetu shairi limefungiwa kwenye hafla. Mwaka mmoja ami alialikwa kughani kwenye sherehe fulani. Akatunga beti kumi na nne, akavaa kanzu yake nyeupe, tukakaa hemani saa tatu tukimsubiri mheshimiwa. Alipofika, ami akaambiwa, "Mzee, beti mbili tu, muda umetutupa mkono." Ubeti wa kumi, uliokuwa na ujumbe, haujasikika mpaka leo. Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki karibu 1840, hakungoja hema la mtu: beti zake za vita, biashara na fitina za mji zilitembea kwa vinywa vya watu wa Mombasa hii hii.

Msinielewe vibaya. Bryant Park miaka ya sabini ilikuwa soko la dawa za kulevya, na ilipofunguliwa upya 1992 ilikuwa chini ya usimamizi wa shirika lisilo la serikali, linalojiendesha kwa kodi ya pango ya mikahawa, ada na wadhamini. Matangazo yapo kila upande. Utulivu ule una wenye kuulipia, na sidhani sisi tunahitaji kuiga hilo.

Sisi tuna baraza za mawe nje ya nyumba. Tuna bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, ambayo tangu ikarabatiwe 2019 ina hata jukwaa la wazi, na kila jioni watu wamejaa wakila mihogo kwa pilipili na ndimu. Wasikilizaji wako tayari, kinachokosekana ni mtu wa kusimama na kuanza bila kuandikia ofisi yoyote barua.

Nimemwambia ami nikija Desemba tujaribu, Jumamosi moja baada ya alasiri. Amekubali, ila hataki kipaza sauti. Anasema kaskazi itamsaidia kuifikisha sauti hadi kwa wauza madafu. Na beti zote kumi na nne.