Pima Kwanza, Lehemu Baadaye

Mtu akiniambia ana kompyuta ya mwaka 1985 na haiwaki, huwa namuuliza kwanza: umeshaiwasha mara ngapi? Wengi hujibu kwa aibu kidogo. Ukibonyeza swichi na kitu kisitokee, mkono wenyewe unarudi kubonyeza tena, na tena, kama vile mashine haikusikia. Kumbe huenda kila mara unapobonyeza, umeme unaingia mahali usipotakiwa na kuunguza chipu nyingine iliyokuwa nzima.

Ushauri utakaopewa hauna tofauti popote uendapo: badilisha kapasita zote, vile vipande vidogo vya ubaoni vinavyohifadhi na kutuliza umeme. Skrini nyeusi? Kapasita. Haipigi hata bipu? Kapasita. Mimi wimbo huo nimeuchoka, na nina haki ya kuuchoka kwa sababu niliwahi kuucheza. Jioni mbili nzima nilikaa na chuma cha kulehemu, nikang'oa kapasita thelathini na kitu kwenye ubao mmoja wa miaka ya themanini. Kwenye moja niliweka joto jingi mno, njia ya shaba ikabanduka ubaoni kama gamba la kidonda. Nikamaliza, nikawasha. Kimya kile kile. Shida ilikuwa chipu moja ya kumbukumbu iliyojiinua kwenye soketi yake, jambo la kawaida kwa mashine iliyopata joto na kupoa maelfu ya mara. Nikaikandamiza kwa kidole gumba, ikalia "krak". Lakini mashine haikuwaka mpaka nilipounga kwa waya ile njia niliyoikata mwenyewe.

Kwa hiyo sasa nina ubishi: kisichopimwa kisiguswe.

Chukua IBM PC ya 1981, au ndugu yake XT ya 1983. Unawasha, feni inatikisika mara moja na kusimama, au haigeuki kabisa. Mwenye nayo anatangaza msiba: pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, imekufa. Anaichomoa, anaiwasha ikiwa peke yake juu ya meza, haitoi kitu, naye anaridhika kwamba alisema kweli. Hajui kwamba pawasaplai za aina hiyo hazikubali kufanya kazi bila mzigo, yaani kitu cha kutumia umeme wake. Na ilipokuwa ndani ya mashine ilikuwa hai kabisa, ila ilionja shoti ikajizima kujiokoa.

Shoti hiyo mara nyingi inatoka kwenye kapasita za tantalum, zile ndogo zenye umbo la tone la maji, hasa zilizo kwenye njia ya volti 12. Hizi zikifa hugeuka kuwa kama kipande cha waya. Ikilipuka kwa moshi na cheche, shukuru, maana imejitaja. Inayokufa kimyakimya ndiyo ya kutafuta. Chomoa mashine kwenye umeme, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha nyeusi iguse bati la kasha, nyekundu iguse pini ya volti 12. Ikisoma karibu na sifuri, umemkaribia mwizi. Chomoa kadi moja, yaani ubao mdogo uliochomekwa kwenye ule mkubwa, pima. Chomoa nyingine, pima. Kuna kadi moja itatoka na namba itaruka juu ghafla, na hapo unajua ni nani. Kama kadi na diski zote zimetoka na bado inasoma sifuri, shoti iko kwenye ubao mama wenyewe, ule mkubwa, na itabidi uinue mguu mmoja wa kila tantalum iliyo kwenye njia hiyo mpaka namba ibadilike. Kazi ya kapasita hizo ni kutuliza umeme tu, kwa hiyo mara nyingi mashine itawaka hata kabla hujapata nyingine ya kuweka mahali pake. Kapasita moja umetoa, si thelathini.

(Ukirudisha nyaya za pawasaplai za mashine hizi, zile plagi mbili zinazokaa sambamba, hakikisha nyaya nyeusi zinakutana katikati. Ukizigeuza, makala hii haitakusaidia tena.)

Commodore 64 ya 1982 ni kinyume chake. Hapo pawasaplai ndiyo muuaji. Iko nje ya mashine, imezibwa kwa utomvu mgumu, na ikichakaa, njia yake ya volti 5 huweza kupanda badala ya kushuka. Chipu za kumbukumbu ndizo huanza kufa. Mtu anabadilisha chipu, mashine inawaka, anashangilia, kesho zimekufa tena. Kupima plagi kunachukua dakika moja. Unataka namba kati ya 4.75 na 5.25. Ikizidi hapo, tofali hilo lisiingizwe kwenye mashine tena, hata kwa kujaribu.

Sasa nikiri kwamba vipo vitu viwili ambavyo mimi mwenyewe huvitoa bila kupima, na wanaonijua hunicheka kwa hilo. Cha kwanza ni betri ile ya pipa, ya volti 3.6, iliyolehemewa kwenye bao nyingi za kompyuta zenye chipu za 386 na 486. Hata ikionekana safi, kata. Inavuja, na majimaji yake yanatambaa chini ya rangi ya ubao yakila shaba. Ukikuta ukungu wa kijani, sugua kwa siki kidogo na mswaki, osha kwa maji safi, malizia na spiriti, acha ikauke kweli. Kisha pima njia moja moja, maana inayoonekana nzima huenda imekatika chini ya rangi. Cha pili ni zile kapasita za karatasi kwenye mlango wa umeme wa pawasaplai za kompyuta kama Apple II, BBC Micro na nyinginezo. Ganda lake la plastiki limejaa nyufa, unyevu umeingia, na siku moja itapasuka na kutoa moshi wenye harufu isiyotoka chumbani kwa siku kadhaa. Hazipimiki kwa maana, macho yanatosha.

Umeme ukiwa sawa, basi sikiliza. Bipu moja fupi kwenye IBM ni habari njema, hata kama skrini ni nyeusi: ubao umejikagua na kuridhika, tafuta kosa upande wa kadi ya picha au waya wa skrini. Skrini ikiandika namba, hiyo ni kosa: 201 ni kumbukumbu. Kwenye AT ya 1984, mdogo wake XT, 161 ni betri tu, na nimeona watu wakitaka kutupa mashine kwa ajili yake. Nashangaa jinsi mtu anavyoweza kuwa na mashine inayomtajia ugonjwa wake kwa namba, naye akakimbilia kuagiza pakiti ya kapasita.

Iliyoko mezani kwangu sasa ni XT. Ilikuja ikiwa "imekufa". Ilikuwa tantalum moja kwenye kadi ya diski. Sasa inahesabu kumbukumbu hadi kilobaiti 640, inasita, halafu inaandika 39 301. Hiyo 301 ni kibodi, na 39 ni namba ya kitufe chenyewe kilichokwama: kile kirefu cha nafasi. Nimekigusa, kweli kimelala upande wa kushoto. Bisibisi iko hapa.