Kiswichi Chekundu

Steshenari yangu ina kompyuta moja, na hiyo moja ndiyo inayotulisha nyumbani. Ijumaa ile umeme ulikatika mara tatu kabla ya adhuhuri. Uliporudi mara ya tatu, mashine ikagoma kuwaka. Nikaipiga kofi la ubavuni, maana kuna siku huwa inasikia. Kimya. Jirani yangu muuza chipsi, ambaye ni fundi wa kila kitu isipokuwa chipsi, akaja kunusa nyuma, akatoa hukumu: "Pawa saplai hiyo, kile kiboksi kinachoipa kompyuta umeme. Imekufa." Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, alipatia.

Kariakoo, kijana wa dukani akaniwekea mbili mezani. Moja used, wati 300, nzito kama tofali, shilingi 45,000. Nyingine mpya, boksi lina picha ya joka linatema moto, imeandikwa wati 600, shilingi 25,000. Nikaishika: nyepesi kama kiberiti kilichobaki njiti mbili.

"Kaka, usisome hiyo 600," kijana akasema. "Soma hapa ubavuni. Laini ya volti 12 inatoa ampea 14. Zidisha uone kama hata wati 200 zinafika."

Nikacheka moyoni. Huyu anataka kunibambika mtumba wake! Nikalipa ya joka haraka, asije akashtuka kwamba anajipunja karibu nusu bei.

Saa tisa narudi, nakuta mzee mmoja wa mtaani kakaa kwenye benchi na karatasi mkononi: wasifu wa marehemu shemeji yake, maziko saa kumi.

"Robo saa tu, mzee wangu," nikamwambia.

Skrubu nne za nyuma zilitoka bila ubishi. Konekta ya pini 24 ndiyo ilinitoa jasho. Ina kimeno pembeni, usipokibana haitoki, nami nilikuwa naivuta kama mtu anayeng'oa muhogo, mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, inapinda. Mwishowe ikaachia. Nikafunga ile mpya, nikachomeka pini 24, nikachomeka pini 4 za prosesa, nikachomeka diski. Mpaka hapo, jamani, nilikuwa fundi kamili.

Ndipo nikakiona. Nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, kiswichi chekundu kimekaa kwenye 230. Nikakisukuma kwa ncha ya bisibisi, ikatokea 115. Nikatulia. Juzi tu nimenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu tano na wiki haijaisha. Na 115 ni nusu ya 230. Kumbe mashine inaweza kula nusu ya umeme, na watu wamenyamaza! Nikakiacha hapo hapo, nikawasha ukutani.

PAAA!

Nilijikuta barabarani na bisibisi mkononi. Mlango niliupitaje, sijui. Muuza chipsi naye alikuwa ng'ambo ya barabara, na mwiko wake. Dukani giza, moshi, na vipande vya karatasi vinapepea. Mzee alibaki kwenye benchi lake, anakung'uta majivu kwenye kofia.

"Mwanangu," akasema, "kidogo tu tungeandika wasifu mbili."

Jioni fundi wa kweli akaifungua, akanionyesha kapasita mbili, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zimepasuka vichwa kama bisi. Umeme wetu ni volti 230, akasema; hiyo 115 ni ya nchi kama Marekani, na ukikiweka kiswichi hapo, saketi ya ndani inauzidisha umeme mara mbili. Kila kapasita ilibebeshwa volti zaidi ya 300 wakati uwezo wake ni 200. Nikamweleza habari ya LUKU. Akaomba ruhusa ya kutoka nje kidogo, nikamsikia anavyocheka huko.

Bahati nzuri mazabodi ilipona. Jumatatu nikarudi Kariakoo. Kijana hakuniuliza kitu, aliichukua tu ile nzito akaiweka mezani. Nikaigeuza: haina kiswichi, imeandikwa 100–240, inajichagulia yenyewe. Nikaigeuza tena kuhakikisha.

"Shilingi 50,000," akasema.

"Si ilikuwa 45?"

"Hiyo ilikuwa Ijumaa, kaka."

Nikalipa.